Lebo za nguo zinazochoma shingoni: tupeane uzoefu

MamaWaMbagala
Habari zenu wadau. Naomba tuongelee kitu ambacho kila mtu anakijua mwilini mwake lakini hakipewi uzito: lebo ya nguo inayochoma. Shingoni, ubavuni, kiunoni, popote ilipo.

Binti yangu yuko darasa la pili. Tangu aanze kuvaa shati jipya la shule alikuwa anatembea bega moja kalipandisha juu, na akirudi nyumbani kitu cha kwanza ni kuvua. Bibi yake akasema huyu anadeka, hataki shule. Jioni moja nikamketisha chini ya taa, nikamwinamisha kichwa. Chini kidogo ya nywele zinapoishia kulikuwa na mikwaruzo miwili myekundu, mmoja kulia, mwingine kushoto. Nikachukua lile shati nikaliweka palepale. Pembe mbili za chini za lebo ziliangukia juu ya mikwaruzo ile bila kukosea. Nikamwita bibi yake aje aone mwenyewe, na yeye ndiye aliyeleta wembe.

Kinachoniuma ni kwamba mtoto wa umri ule hawezi kukueleza kuwa ukingo wa lebo ni mkali. Anasema tu "inauma", na sisi tunaanza kutafuta sababu nyingine. Leteni ya kwenu: nguo gani, lebo ilikuwa wapi, mlifanyaje. Na kama kuna fundi humu, tunamhitaji sana.

DerevaNyamagana
Pole kwa mtoto, mama. Mimi ni bodaboda hapa Mwanza na yangu ni rifleta. Lebo yake iko nyuma ya shingo, ngumu, na ukiwa barabarani upepo unaipeperusha rifleta, lebo inasugua palepale mchana kutwa. Jasho likiingia hapo ni moto, na huwezi kuachia usukani ujikune wakati umepakia abiria. Niliikata kwa mkasi, lakini kile kisiki kilichobaki kikawa kinachoma kuliko lebo yenyewe. Sasa hivi natembea na leso shingoni.

FundiKariakoo
Nipo. Dereva umegusa penyewe, ngoja nieleze.

Lebo nyingi ni poliesta au nailoni. Zinafumwa au kuchapwa kwenye utepe mrefu, kisha zinakatwa moja moja. Kiwanda kinachotaka kasi na bei nafuu hukata kwa kisu cha moto. Moto unayeyusha nyuzi ili lebo isichanike pembeni, na pale palipoyeyuka pakipoa panabaki ukingo mgumu. Chukua lebo inayokusumbua upitishe kidole taratibu pembeni, utavisikia vijinundu. Lebo iliyotengenezwa kwa kujali hukunjwa ncha zake ndani kabla ya kushonwa, au hukunjwa katikati, ili ngozi ikutane na mkunjo na siyo ukingo.

La pili ni uzi. Nguo nyingi za dukani lebo yake imeshonwa kwa uzi wa nailoni usio na rangi, unaofanana na mshipi wa kuvulia. Viwanda vinaupenda kwa sababu hauonekani kwenye kitambaa cha rangi yoyote, kwa hiyo hakuna kubadilisha uzi kila nguo inapobadilika. Tatizo ni kwamba haulegei kama uzi wa pamba. Ncha yake ikijitokeza, inachoma. Nimeletewa nguo nyingi na watu waliokwisha kutoa lebo na bado wanachomwa, wengine wameshaanza kuamini ni mawazo yao. Siyo mawazo. Ni kipande cha uzi kimebaki kwenye mshono.

Namna ya kutoa: geuza nguo, keti penye mwanga. Tazama kwanza kama lebo imeshonwa juu ya kitambaa au imeingizwa ndani ya mshono. Ikiwa juu, kata mishono yake mmoja mmoja kwa ncha ya wembe, usivute. Ukivuta fulana, utaondoka na kitambaa. Ikiwa imeingia ndani ya mshono, usijaribu kuing'oa yote, maana mshono huohuo ndio ulioshika kola na mgongo. Hapo kata lebo karibu kabisa na mshono, kisha funika kisiki kwa kipande cha pamba laini, kanga iliyozeeka ni nzuri sana, na ushone kwa mkono pande zote. Dereva, rifleta yako dawa yake ni hiyo. Ukimaliza usijaribie kwa kidole peke yake, vidole vyetu sisi watu wa kazi ni vigumu. Pitisha sehemu ya ndani ya mkono, pale kwenye mishipa. Pakikwaruza hapo, shingoni patakwaruza.

MuuzaGikomba
Niko Nairobi, nauza mtumba Gikomba, mashati na tisheti. Ninafungua belo kila mara kwa hivyo lebo nimeziona za kila aina, na ningependa watu waelewe kwa nini ziko mahali zilipo.

Nguo zilizouzwa Marekani, sheria ya huko inataka jina la nchi ilikotengenezwa lionekane ndani ya shingo, katikati ya mshono wa bega moja na lingine. Kwa hivyo hiyo lebo ya kisogoni si mapambo ya kampuni, ni sheria. Maelezo ya kufua nayo yalilazimishwa huko kwa kanuni ya 1971. Zile za Ulaya ndizo utapata na kijitabu ubavuni, karatasi baada ya karatasi, kwa sababu aina ya nyuzi lazima iandikwe kwa lugha ya kila nchi inakouzwa. Mtu anavaa tisheti moja huku mbavuni amebeba lugha kumi za watu ambao hatawahi kukutana nao.

Baadaye sheria ya Marekani ikakubali maandishi yachapwe moja kwa moja kwenye kitambaa. Hanes walileta fulana zao zisizo na lebo 2002, wakatangaza na Michael Jordan. Wateja wangu wanaojua wanaulizia hizo. Wanageuza shingo kwanza kabla ya kuangalia rangi.

Ombi langu kwa wanunuzi: kabla ukate, soma. Lebo ndiyo inakuambia kama ni pamba kamili au imechanganywa. Nukta kwenye alama ya pasi pia zina maana: moja ni pasi ya moto kidogo, tatu ni moto mkali. Nimeona blauzi nzuri ikishikana na pasi kwa sababu hakuna aliyeangalia. Ikate, lakini uiweke kwa bahasha ama uipige picha. Na kagua kola vizuri, kuna mashati yanatoka kwa belo yakiwa bado na pini ya stepla ya bei ya zamani.

MzeeWaDodoma
Naheshimu mada, lakini vijana wa siku hizi mmezidi. Sisi tulivaa nguo za kurithishana, kaka akikua unavaa wewe, hakuna aliyelalamikia lebo. Mtoto akiendekezwa kwa kila kinachomwasha, atazoea lini?

BabaWaArusha
Shikamoo mzee wangu. Nakujibu kwa heshima kwa sababu maneno haya nimeambiwa mara nyingi sana.

Nguo mlizorithishana zilikuwa zimefuliwa mpaka zikalainika, na nyingi zilishonwa na fundi wa mtaani ambaye hakuwa na lebo ya kuweka. Watoto wetu wanavaa nguo za kiwandani tangu siku ya kuzaliwa. Hatulinganishi kitu kimoja.

Mwanangu ana usonji. Kwake lebo si kero ndogo. Inapomgusa hawezi kusikia kitu kingine: mwalimu akiita hasikii, chakula hali, anavuta kola mpaka vifungo vinakatika. Tuliwahi kuwa kwenye daladala akavua shati lote, akabaki kifua wazi, abiria wakaanza kunifundisha malezi. Mama mmoja akasema mtoto huyu amekosa fimbo. Nililichukua shati, nikaligeuza ndani nje, nikamvalisha, akatulia. Hakuna aliyesema kitu tena, lakini maneno yale niliondoka nayo.

Hali hii inatambuliwa kitabibu. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la 2013, umeweka unyeti uliopitiliza wa mguso, sauti na mwanga miongoni mwa dalili za usonji. Na siyo wenye usonji peke yao, wapo watoto wengi tu ambao ngozi zao zinasikia zaidi.

Kwetu imesaidia hivi. Nguo mpya haivaliwi kabla ya kufuliwa, tena si mara moja. Chini ya shati la shule anavaa singlendi ya pamba iliyogeuzwa, mishono ikiwa nje. Soksi nazo tunazigeuza. Nilikwenda kwa mwalimu wake, nikamweleza, nikamwomba asimwadhibu akimwona amevaa ndani nje. Alikubali bila shida. Mzee wangu, mtoto huyu hakuzoea kwa kulazimishwa. Alianza kusoma pale lebo ilipotoka.

MzeeWaDodoma
Marahaba. Nimekuelewa, mwanangu. Mpe pole mtoto.

MpwaniWaOldTown
Assalaam alaykum. Kaka wa Arusha, Mwenyezi Mungu akuzidishie subira.

Mimi nataka kusema la kanga. Chukueni kanga yoyote mtazame. Kila kitu kiko juu ya kitambaa chenyewe: jina limechapwa, na chapa ya mwenye mali imechapwa pia. Zile za Kaderdina Hajee Essak wa hapa Mombasa zimeandikwa "K.H.E. Mali ya Abdulla" tangu zama za bibi zetu, na hakuna mtoto aliyelala juu ya kanga akaamka na alama ya Abdulla shingoni. Ndiyo maana mzazi anayetoka hospitali na kichanga humfunga kwenye kanga iliyokwishafuliwa, hamvalishi kwanza vile vinguo vya dukani vyenye lebo nene kuliko nguo. Kama kampuni zingetaka kujua namna ya kuandika jina bila kumuumiza mtu, mfano uko sandukuni kwa nyanya.

MuuguziWaNgozi
Mada nzuri. Nafanya kazi kliniki ya ngozi, nitasema machache.

Kisogo kina jasho, kina joto na kinasuguliwa kila ukigeuza kichwa. Lebo ikikwaruza, mtu anajikuna, kucha zinafungua ngozi, bakteria wanaingia. Tunaletewa watoto wenye vidonda vya usaha shingoni, na tukigeuza kola tunakuta chanzo. Mwenye pumu ya ngozi anaumia zaidi kwa sababu ngozi yake ni kavu na inapasuka upesi.

Toa lebo, osha kwa maji na sabuni isiyo kali, paka mafuta mazito yasiyo na manukato. Tafadhali msikimbilie zile krimu za mchanganyiko zinazouzwa kila duka, nyingi zina steroidi na zikitumiwa ovyo shingoni zinapunguza unene wa ngozi. Kukiwa na usaha, uvimbe au homa, nendeni kituo cha afya.

Na msidhani lebo za kuchapwa ni salama kwa kila mtu. Mwaka 2008 mamlaka ya usalama wa bidhaa huko Marekani iliwatahadharisha wazazi kuhusu nguo za watoto wachanga zenye maandishi ya kubandikwa kwa joto, baadhi ya watoto walikuwa wametokwa na vipele mgongoni palepale maandishi yalipo. Mkiona ngozi imekuwa nyekundu kwa umbo la maandishi, acheni nguo hiyo.

MpambanajiMuscat
Nawasalimu kutoka Oman. Huku kiangazi joto linapita digrii 40 na sare ya kazi ni ya mikono mirefu. Lebo ya kwangu ina namba ya mfanyakazi na kampuni hairuhusu kuikata, dobi wanaitumia kupanga sare. Niliumia nayo kwa muda mrefu. Fundi mmoja wa Kihindi anayeshona jirani na tunapokaa alinitatulia: alichukua kipande cha pamba, akakishona juu ya lebo pande tatu, upande wa juu akauacha wazi kama mfuko. Dobi wakitaka namba wanafunua. Kwa yeyote mwenye sare asiyoruhusiwa kugusa, jaribuni hiyo.

MamaWaBweni
Fundi, swali. Mwanangu anaingia kidato cha kwanza bweni, na matroni ametuagiza jina la mwanafunzi liandikwe kwenye lebo ya kila nguo, la sivyo zinapotea kwenye kamba. Nikitoa lebo zote, jina naliandika wapi? Nguo ya ndani ndiyo inanipa wasiwasi zaidi, lebo iko kiunoni kwenye lastiki.

FundiKariakoo
Shati na sketi: mshonee jina kwa uzi wa rangi, kwenye pindo la chini upande wa ndani, herufi zake za mwanzo zinatosha. Pindo haligusi ngozi muda wote na haliko penye jasho. Sweta, shona kwenye mshono wa ubavu, upande unaotazama shati. Nguo ya ndani usiweke kitu chochote kwenye lastiki. Fumua lebo, kagua kama uzi wa nailoni umetoka wote, kisha andika kwa kalamu ya wino wa nguo moja kwa moja kwenye kitambaa, ipige pasi wino ushike. Fanya hivyo kabla hajafunga sanduku, maana akifika bweni hana wembe wala muda.