Zabbix, Prometheus, LibreNMS au Nagios kwa makao makuu ya Dodoma na matawi manne?

Mdau_wa_Makole
Habari za kazi, wadau, na wakubwa zangu shikamooni. Ninafanya kazi katika chama cha akiba na mikopo chenye makao makuu hapa Dodoma mjini na matawi nje ya mji. Hadi sasa tunajua kuwa seva imezima pale karani wa kaunta anapopiga simu kulalamika, na bodi imechoshwa na utaratibu huo. Nimeagizwa kuandaa pendekezo la mfumo wa ufuatiliaji wa chanzo huria, utakaowekwa kwenye seva ya Linux, kabla ya kikao cha Ijumaa ijayo ili fedha ya vifaa iidhinishwe. Nimesoma kuhusu Zabbix, Prometheus na Grafana, LibreNMS na Nagios, na kila moja inasifiwa na walioizoea. Naomba mnisaidie: ipi ni bora?

Fundi_Nkuhungu
Karibu, ndugu yangu. Swali lako halijibiki mpaka utuambie uliyoyaacha. Una vifaa vingapi, na kati yake seva ni ngapi, ruta na swichi ni ngapi? Matawi yapo wapi na yanaunganishwaje na makao makuu? Seva unayokusudia kuitumia ina RAM kiasi gani, diski ya aina gani na Linux ipi? Tena, tahadhari ikitoka saa nane usiku, inakwenda kwa nani?

Kijana_wa_Chimwaga
Wakati tunasubiri majibu, mimi ningechukua Prometheus na Grafana bila kusita. Prometheus ilianzia SoundCloud mwaka 2012, ikapokelewa mwaka 2016 na CNCF, taasisi inayolea miradi ya chanzo huria, na programu nyingi mpya za seva huja tayari na njia ya kuipatia vipimo. Kwenye kila seva unaweka node_exporter, programu ndogo ya kutoa vipimo vya seva inayosikiliza poti 9100, kisha Prometheus yenyewe inapita kuchukua takwimu kwa muda uliopanga. Usanidi ni mafaili ya maandishi unayoweza kuyatunza kwenye Git, inayoweka historia ya kila badiliko, na dashibodi za Grafana, programu ya kuchora grafu, zinavutia kiasi kwamba hata mwenyekiti wa bodi ataelewa anachotazama.

Mzee_wa_Kizota
Kijana wangu, mwenyekiti wa bodi hatazami dashibodi, anauliza kama kaunta inafanya kazi. Mimi nimeitumia Nagios miaka mingi na sijaona sababu ya kuihama, ingawa ilianza mwaka 1999 ikiitwa NetSaint na wengi wenu mnaiona ya kizee. Haihitaji hifadhidata, inatosheka na mashine ndogo, na kabla ya kuiwasha upya unaendesha nagios -v nayo inakuonyesha mstari wenye kosa. Ninachokipenda zaidi ni kwamba unaweza kuieleza kifaa kipi kiko nyuma ya kipi: ruta ya tawi ikizima, vilivyo nyuma yake vinahesabiwa kuwa havifikiki, si kwamba vimekufa, kwa hiyo unapata ujumbe mmoja badala ya ishirini.

Bi_Swichi
Shikamoo mzee. Hilo la vifaa kutegemeana hata Zabbix na LibreNMS zinalo. Kwa upande wangu, kama sehemu kubwa ya vifaa ni ruta na swichi, ningependekeza LibreNMS. Unaipa anwani ya kifaa cha kwanza na nenosiri la SNMP, yaani lugha ya kuulizia hali ya vifaa vya mtandao, nayo inaweza kuwagundua majirani kupitia LLDP, ambayo vifaa huitumia kujitambulisha kwa jirani zake, na kuchora kila poti pasipo kuandika chochote kwa mkono. Udhaifu wake ni kwamba kwa kawaida huchukua vipimo kila dakika tano, jambo linalofaa kwa grafu za mwezi lakini halimridhishi anayetaka kujua ndani ya dakika moja kwamba tawi limekatika.

Mdau_wa_Makole
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa kazini. Matawi yapo Kongwa, Mpwapwa, Kondoa na Manyoni. Vifaa vya kufuatilia ni karibu 40: seva sita, ruta tano, swichi kadhaa, UPS, na vilivyobaki ni mashine za kaunta na vichapishi. Kila tawi lina intaneti yake isiyo na anwani ya umma, na linafika makao makuu kwa VPN, yaani njia ya siri inayopita ndani ya intaneti. Seva iliyopo ina RAM ya GB 8 na SSD mbili za GB 480 zinazoakisiana, na ndani yake kuna CentOS 7. Watu wa TEHAMA ni mimi na mwenzangu mmoja.

Fundi_Nkuhungu
Sasa tunaweza kuzungumza. Kwanza, CentOS 7 ilifikia kikomo cha matengenezo tarehe 30 Juni 2024, kwa hiyo usiweke kitu kipya juu yake. Ifute na uweke AlmaLinux 9, ambayo itapata marekebisho ya usalama hadi mwaka 2032, au Debian kama umeizoea.

Pili, kwa hali yako mimi ningechagua Zabbix 7.0, toleo la muda mrefu lililotoka Juni 2024, na sababu yangu kuu ni proksi. Katika kila tawi unaweka kompyuta ndogo, hata Raspberry Pi, yenye Zabbix proxy na hifadhidata ya SQLite. Proksi inakusanya vipimo vya vifaa vya tawi, kisha yenyewe ndiyo inayoifuata seva kuu kwenye poti 10051, hivyo kukosa anwani ya umma hakusumbui. Intaneti ya Kondoa ikikatika, proksi inaendelea kupima na kutunza, na ikirudi inasukuma yote makao makuu, nawe unaona kilichotokea tawini wakati wa kukatika. Zingatia tu kwamba muda wa kutunza, unaoitwa ProxyOfflineBuffer katika faili la usanidi, ni saa moja usipoubadilisha; upandishe hadi saa 72.

Kuhusu nafasi, piga hesabu kabla ya kwenda kwenye kikao. Vifaa 40, kila kimoja na vipimo 50, kila dakika moja, ni vipimo 2,000 kwa dakika, yaani 2,880,000 kwa siku. Kwa kadirio la baiti 90 kwa kipimo, ni kama MB 260 kwa siku. Ukitunza vipimo ghafi siku 30 ni chini ya GB 8. Wastani wa kila saa, ambao Zabbix huuhifadhi kando, hauzidi GB 2 kwa mwaka mzima. Diski zako zinatosha na kubaki.

Kijana_wa_Chimwaga
Mkuu, kwa hesabu yako hiyo hiyo, Prometheus hutumia baiti moja hadi mbili kwa kipimo. Vipimo 2,880,000 havifiki MB 6 kwa siku, dhidi ya MB 260. Na tawini inaweza kuendeshwa kama wakala anayesukuma takwimu makao makuu, kwa hiyo hoja ya anwani ya umma haibaki.

Fundi_Nkuhungu
Hapo kwenye baiti umenishinda na sina ubishi. Lakini wakala huyo hutunza takwimu zisizosukumwa kwa takribani saa mbili tu, na huku kwetu kiungo kinaweza kulala kutwa nzima. Vilevile, kwa swichi atahitaji snmp_exporter, kwa tahadhari Alertmanager, kwa dashibodi Grafana, na kwa kupima kama kiungo kiko hai blackbox_exporter. Ni programu nzuri zote, ila ni watu wawili watakaozitunza, na mmoja akienda likizo anabaki mmoja.

Mnyaturu_wa_Singida
Wadau, mnabishana kuhusu jina la programu ilhali maumivu yako kwingine. Nitaeleza kilichonikuta katika taasisi moja niliyohamia.

Nilikuta Zabbix imeshawekwa na mkandarasi. Kwa macho ilikuwa safi: ramani ya mtandao yenye rangi, skrini kubwa ukutani. Nyuma ya pazia, kila kipimo kilikuwa kinachukuliwa kila sekunde 10 na kutunzwa siku 365, na hifadhidata ya MySQL ilikuwa kwenye kizigeu, yaani sehemu ya diski, kimoja na mfumo mzima wa seva. Ijumaa moja jioni diski ilijaa. Hifadhidata ikagoma kuandika, seva ya Zabbix ikasimama, na kwa kuwa yenyewe ndiyo iliyokuwa inatuma tahadhari, hakuna aliyepata ujumbe wowote. Wikiendi nzima simu zetu zilikuwa kimya, na ukimya ule sote tuliuhesabu kuwa ni amani. Jumatatu ndipo ilipobainika kwamba chelezo (nakala za akiba) za mfumo wa uhasibu zilikuwa zimeshindikana tangu Ijumaa hiyo hiyo kwa sababu nyingine kabisa, na tahadhari yake haikupata pa kutokea.

Kusafisha kukawa kazi nyingine. Nilifuta rekodi za zamani nikitegemea nafasi irudi, lakini InnoDB, injini ya kuhifadhi data ya MySQL, haipunguzi faili lake kwa kufuta mistari; nafasi inabaki ndani ya faili ikingoja data mpya. Ili irudi kwenye diski inabidi jedwali liandikwe upya kwa OPTIMIZE TABLE, na kuandika upya kunahitaji nafasi tupu, ambayo ndiyo hiyo sikuwa nayo. Ikabidi diski nyingine ichomekwe na saraka yote ya /var/lib/mysql ihamishiwe huko. Baada ya kuhama, MySQL ikakataa kuwaka, ingawa ruhusa za mafaili zilikuwa sahihi. Aliyekuwa anaizuia ni SELinux, ulinzi wa ziada wa Linux, kwa kuwa saraka mpya haikuwa na lebo inayotakiwa. Amri za kuweka lebo, semanage na restorecon, zikamaliza ubishi, lakini giza lilikuwa limeshaingia.

Kwa hiyo, Mdau, hifadhidata iwe na kizigeu chake, na kiwepo kitu kingine nje ya seva hiyo kinachoiangalia. Hata skripti ya mistari mitano kwenye mashine ya tawi la Manyoni, inayoigonga seva kila dakika tano kupitia cron, kipanga ratiba cha Linux, na kukutumia ujumbe isipojibu, inatosha.

Bi_Swichi
Pole sana, kaka. Nami naongeza kwamba seva ya ufuatiliaji isiwe mashine pepe ndani ya seva ile ile inayofuatiliwa. Umeme ukikatika na UPS ikichoka, mlinzi na nyumba vinaungua pamoja.

Mzee_wa_Kizota
Ndiyo maana nasema Nagios haina MySQL ya kujaa.

Kijana_wa_Chimwaga
Wala Prometheus haina, mzee. Isipoelekezwa vinginevyo inatunza siku 15 kisha inafuta yenyewe, na unaweza pia kuiwekea kikomo cha ukubwa. Ila kuhusu kuweka, mimi ningependekeza kontena za Docker, yaani kila programu kwenye kifurushi chake kilichotengwa. Faili moja la compose na kila kitu kinasimama.

Mzee_wa_Kizota
Kontena kwa watu wawili na seva moja? Weka paketi za kawaida kwa dnf, systemd iziwashe, na journalctl ikuambie kilichoharibika. Siku mambo yakiharibika usiku, hutataka kutafuta kwanza ni kontena ipi yenye kumbukumbu unayoihitaji.

Fundi_Nkuhungu
Katika hili niko pamoja na mzee, ingawa si kwa Nagios yake. Mdau, bado hujajibu swali la saa nane usiku.

Mdau_wa_Makole
Nashukuruni sana. Tahadhari zitakuja kwangu na kwa mwenzangu. Nilikuwa nafikiria kutumia Telegram kwa kuwa ni bure na Zabbix inaikubali. UPS tulizonazo, mbili zina kadi ya mtandao, nyingine zina waya wa USB tu.

Bi_Swichi
Telegram inahitaji intaneti ya makao makuu. Ikiwa kilichokatika ni hiyo intaneti, ujumbe utatoka kupitia wapi? Nunua modemu ya USB yenye laini ya simu, weka Gammu au smstools, na tahadhari za daraja la juu pekee zitoke kwa ujumbe mfupi. Zile ndogo ziende Telegram, la sivyo vocha itaisha kwa kutangaziwa kwamba kichapishi kimeishiwa wino.

Fundi_Nkuhungu
Kwa UPS za USB, zichomeke kwenye zile kompyuta za matawini na uweke NUT, programu ya kusoma hali ya UPS. Ukiandika upsc na jina la UPS, unaona chaji ya betri, dakika zilizobaki na kama iko kwenye umeme au betri. Weka tahadhari mara tu inapohamia kwenye betri, usingoje chaji ishuke. Na usisahau joto la chumba cha seva. Kwa vumbi letu la kiangazi feni huziba taratibu, na grafu ya joto inayopanda kidogo kidogo kuanzia Agosti itakuonya kabla ya Oktoba.

Kijana_wa_Chimwaga
Grafu ambayo, nakumbusha, inapendeza zaidi kwenye Grafana. Hata Zabbix inaweza kuunganishwa nayo.

Mnyaturu_wa_Singida
Mdau, hakikisha pia saa za seva na proksi zote zinalingana kwa chrony na ziko kwenye Africa/Dar_es_Salaam, la sivyo utaona tukio la Kongwa limetangulia chanzo chake kilichopo Dodoma.

Mdau_wa_Makole
Nimenakili yote. Kwenye pendekezo nitaandika Zabbix na proksi nne, na nitaiweka LibreNMS kama chaguo la pili, kwa sababu mwenzangu anaielewa zaidi na bado hajakubali. Swali moja kwa Bi_Swichi: modemu nyingi zinazouzwa hapa mjini zikichomekwa kwenye Linux zinaonekana kama diski badala ya modemu. Je, kuna aina unayoipendekeza?

Bi_Swichi
Hiyo ni kawaida. Sakinisha usb_modeswitch, ichomoe, ichomeke tena, kisha utazame kama /dev/ttyUSB0 imetokea. Kuhusu aina, niandikie zile ulizoziona dukani, kwa kuwa zile za kisasa zinazojifanya kadi ya mtandao mara nyingi hazikubali kutumwa amri za AT, ambazo ndizo zinazoiagiza modemu itume ujumbe.

Mzee_wa_Kizota
Na laini isajiliwe kwa jina la chama, siyo la kwako.