Usaili wa uchambuzi wa data: tupeane uzoefu wa zile kazi za kufanyia nyumbani

mtafuta_mkate
Wakuu, heshima kwenu. Nimekosa kazi ya tatu mfululizo, na zote nimeangukia pale pale: lile faili wanalokutumia Ijumaa jioni, "turudishie Jumatatu asubuhi."

Ya juzi walinipa majedwali mawili, wateja na malipo. Walitaka wateja wote na jumla ya walicholipa 2023, hata ambao hawakulipa kitu. Nikaandika SQL (lugha ya kuulizia data), nikapiga LEFT JOIN, inayounganisha majedwali na kubakiza wateja wote, mwaka nikauweka kwenye WHERE, yaani sehemu ya kuchuja, majibu yakatoka masafi, nikalala. Jumanne dada mmoja akanipigia, kwa upole kabisa: "Kaka, wateja ni 1,200, kwako naona 874. Wengine umewapeleka wapi?"

Nikaishiwa maneno. Asiye na malipo tarehe yake ni NULL, yaani tupu, kwa hiyo WHERE inamtupa nje. Sharti la mwaka lilitakiwa likae kwenye ON, pale unapotaja masharti ya kuunganisha. Kitu ninachokijua hata usingizini! Siku hizi kila nikiunganisha majedwali nahesabu mistari kabla na baada.

Leteni za kwenu, zilizofana na zilizobuma.

Mzee wa Pivoti
Pole mkuu. Mimi walinipa takwimu za sensa ya 2012 na ya 2022 kwa mikoa, niseme wapi watu wameongezeka. Nikaona Mbeya imetoka milioni 2.7 ikashuka hadi 2.3. Nikajiona nimeokota almasi. Nikaandika aya nzima kuhusu vijana kukimbilia Dar, na chati nikaipaka rangi nyekundu.

Kumbe msaili ni mtu wa Tunduma, mkoani Songwe. Alicheka mpaka akavua miwani. Mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, ukiijumlisha mikoa yote miwili unapata milioni 3.6 na ushee. Na mimi sekondari nimesoma Mbeya, jamani!

Kazi walinipa. Ila mpaka leo ofisini naitwa Mhamiaji.

bi_takwimu
😂😂 Mhamiaji!
Yangu ilikuwa miamala ya duka. Nikatangaza kwa kujiamini kwamba wateja wanafurika saa 9 alasiri. Data ilikuwa imehifadhiwa kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia, na sisi tuko masaa matatu mbele. Kilele chenyewe ni saa 12 jioni, watu wakitoka kazini. Mtu yeyote aliyewahi kusimama dukani angeshtuka, mimi nilikuwa naitazama skrini tu.

wa_mtaa_wa_pili
Huku Nairobi mimi niliuliwa na sufuri. Nilifungua CSV (faili la data la maandishi matupu) kwa Excel, nambari za simu zikageuka, 0722 ikawa 722. Jedwali lile lingine zilianza na 254. Nikaunganisha, karibu hakuna mteja aliyepatikana. Nami nikaandika eti "wateja wengi hawajarudi". Hawajarudi wapi, na ni mimi nimewapoteza!

nimechoka_kidogo
Mimi nina kinyongo, niseme tu. Kampuni moja ilinipa data yao halisi ya mauzo, nitengeneze dashibodi kamili. Siku nne, umeme unakatika, bando langu mwenyewe. Nikatuma. Kimya. Miezi miwili baadaye rafiki yangu aliyeko mle ndani akanionyesha wanachotumia kwenye vikao vyao: rangi zangu, mpangilio wangu, hadi kosa langu la tahajia kwenye kichwa cha chati.

Sasa naweka wazi tangu mwanzo: natoa masaa manne, na kama ni data yenu halisi, natuma picha na maelezo, faili lenyewe baada ya mkataba.

Mzee wa Pivoti
Mkuu nakuelewa, ila kwa ajira zilivyo, ukiweka masharti wanamchukua wa nyuma yako.

nimechoka_kidogo
Wamchukue. Wawili walikubali masharti yangu, mmoja ndiye bosi wangu sasa.

mgeni_wa_uzi
Jamani, kesho saa 4 nina usaili, wamesema SQL ya ubaoni. Waliopitia, huwa wanauliza nini?

bi_takwimu
Swali la kutafuta mshahara wa pili kwa ukubwa, mdogo wangu. Hawachoki nalo. Wawili wakilingana kileleni, LIMIT 1 OFFSET 1 (ruka mstari wa kwanza, lete unaofuata) itakurudishia mshahara ule ule wa juu, kwa hiyo weka DISTINCT, inayoondoa marudio, au tumia DENSE_RANK, inayowapa wanaolingana nafasi moja. Na beba kalamu yako ya ubaoni, zao huwa zimekauka.