Korespondenti hana mkataba, ameachwa kimyakimya: aanzie wapi?

Kalamu ya Mkoani:
Wadau, naomba mwongozo. Korespondenti (mwandishi wa habari) wa mkoani hapa Tanzania analipwa kwa stori, hana mkataba wa maandishi. Corona ilipoingia 2020 matangazo yalikauka, bei ya stori ikapunguzwa kwa ujumbe wa WhatsApp tu, na mpaka leo haijarudishwa. Sasa stori hazitoki, mhariri hapokei simu, na korespondenti anadai malipo ya miezi minne. Ofisi inasema "huyo si mwajiriwa wetu". Ana haki yoyote?

Mezani:
Anayo. Soma kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi, 2004. Mtu anahesabiwa mfanyakazi, mkataba uitwe jina lolote, ikithibitika hata sifa moja tu: anapangiwa kazi na namna ya kuifanya, anafanyia chombo kimoja, anategemea malipo ya hapo kuishi, amepewa vitendea kazi, au amefanya wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Ofisi ndiyo ithibitishe kwamba sivyo. Kukatwa kodi ya zuio ya asilimia 5 badala ya PAYE (kodi ya mshahara wa mwajiriwa) hakumalizi hoja. Na mwajiri akishindwa kuleta mkataba wa maandishi, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira ni wake.

Wakili wa Kazi:
Mkuu, wengi wanakwama kwenye muda. Kuachishwa kazi: siku 30 tu kufungua mgogoro CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi). Madai mengine, kama malipo ya stori: siku 60. Jaza fomu CMA F1, mpe mwajiri nakala na upate uthibitisho kwamba ameipokea, ndipo uiwasilishe. Ukichelewa unaomba kuongezewa muda kwa fomu CMA F2, ukieleza sababu ya kila siku iliyopita. "Nilikuwa nasubiri mhariri anipigie" haitoshi. Kwa kuwa hakuna barua ya kuachishwa, aandike barua pepe leo kuuliza hadhi yake. Jibu lenye tarehe litasaidia, ila asikae kulisubiri.

Kalamu ya Mkoani:
Na makato ya 2020?

Wakili wa Kazi:
Kuyadai sasa ni vigumu, muda umepita mno. Lakini ujumbe ule ni ushahidi mzuri: aliyejiajiri kweli hupanga au hujadili bei yake, hatangaziwi.

Mezani:
Ahifadhi mazungumzo ya WhatsApp kama faili na kujitumia kwa barua pepe, na simu yenyewe asiiuze. Miamala ya simu, kitambulisho chenye nembo, barua pepe za stori zenye saa. Kisha atengeneze jedwali: tarehe, kichwa cha stori, nani aliagiza, kiasi, imelipwa au la. Bila jedwali hilo msuluhishi ataona rundo la picha za skrini tu. JOWUTA ni chama cha wafanyakazi wa vyombo vya habari, kinaweza kumsindikiza.

Wakili wa Kazi:
Nyongeza moja. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Kwa anayelipwa kwa stori hutumika wastani wa wiki 13 za mwisho. Stori zikibaniwa wiki hizo, wastani unashuka, kwa hiyo jedwali lirudi nyuma mwaka mzima kuonyesha zilianza kubaniwa lini.