Mstari gani wa mapenzi unafaa kasha la arusi?

FundiLangoni:
Assalaam aleikum jamaa. Mimi ni mchongaji hapa Amu, mtaa wa Langoni. Mpwa wangu anasomesha fasihi ya Kiingereza, na arusi yake ni baada ya Maulidi. Nimemtengenezea kasha la mbambakofi. Kwenye ukingo wa kifuniko nataka kuchonga mstari wa mapenzi kutoka zile tamthilia za msiba za Shakespeare anazozipenda. Nafasi ni finyu, kwa hivyo uwe mfupi.

Moyo wangu uko kwa Othello, pale anapowaeleza wazee wa Venice jinsi Desdemona alivyompenda: "Alinipenda kwa hatari nilizozipitia, nami nikampenda kwa kunionea huruma." Mgeni, askari, kashtakiwa na baba wa msichana kwamba ametumia uchawi, hana cha kujitetea ila hadithi ya maisha yake, na hadithi hiyo inamwokoa. Lakini mwisho wake mwaujua: anamuua mkewe kitandani. Maneno ya mtu huyo yafaa kuingia chumbani kwa bibi arusi?

BintiMkomani:
Waaleikum salaam, mjomba. Othello mwache. Sisemi hivyo kwa sababu ya kifo, maana katika tamthilia hizi karibu kila apendaye hufa. Sababu imo ndani ya mstari wenyewe: ampenda kwa kuwa alimhurumia. Penzi limesimama juu ya hadithi, na Iago, askari wake mwongo, alipokuja na hadithi nyingine, likaanguka.

Chukua Juliet, usiku ule yuko juu dirishani akizungumza na mpenzi wake Romeo: "Ukarimu wangu hauna mpaka kama bahari, na penzi langu lina kina kama yake, kila nikupapo zaidi, nabaki na zaidi." Hao wawili waliuawa na uhasama wa koo zao, Montague na Capulet, na barua ya mtawa Friar Laurence ambayo haikufika kwa sababu mjumbe alifungiwa ndani kwa hofu ya tauni. Penzi lao halina hatia.

Mstaafu wa Malindi:
Fundi, nyote mnakimbilia vijana waliopendana jana. Hii ni ndoa! Tazameni *Julius Caesar*, tamthilia ambayo Mwalimu Nyerere aliitafsiri, ikachapishwa 1963. Watu hukumbuka hotuba ya Antony tu. Mimi nimeisomesha miaka mingi, na kinachonigusa ni Portia, mke wa Brutus, usiku wa kuamkia mauaji ya Caesar. Mumewe ana siri: yumo katika njama ya mauaji hayo. Portia anampigia magoti, anamwambia kwamba ikiwa kazi yake ni kula naye, kulala naye na kuzungumza mara mojamoja, basi yeye ni hawara wa Brutus, si mkewe. Brutus anajibu, kwa tafsiri yangu: "Wewe ni mke wangu wa kweli, mwenye heshima, azizi kwangu kama matone ya damu yanayouzuru moyo wangu wenye huzuni."

Hapo mke anadai kushirikishwa, na mume anakubali kwamba ana haki. Sijaona maneno mazito kuliko hayo baina ya mume na mke katika Shakespeare.

BintiMkomani:
Maalim, hayo ni makubwa kweli, lakini "moyo wenye huzuni" juu ya kasha la arusi?

Mstaafu wa Malindi:
Aishie kwenye "heshima", mwanangu.

FundiLangoni:
Shukran sana. Othello bado namtetea: mstari ule ni wa kweli wakati anapousema, na Desdemona mwenyewe anakuja barazani kuuthibitisha. Lakini Binti, hoja yako ya hadithi mbili imenishinda. Juu ya ukingo nachonga "Kila nikupapo zaidi, nabaki na zaidi." Inatosha upande mmoja, na maua ya nakshi yanapata nafasi pembeni.

Maalim, yako naiweka ndani ya kifuniko, "Wewe ni mke wangu wa kweli, mwenye heshima," na bwana arusi nitamsimulia mwenyewe kisa cha Portia kabla ya nikaha. Kesho naanza kupiga mistari.