Mrejesho: ipoteke ya lupango ya Kolwezi kisha Katanga kugawanyika

Bandugu, niliwauliza juu ya lupango ya baba kule Kolwezi, alitiaka ipoteke ya banki mu 2012 (ni kusema lupango njo rehani ya deni), sertifika ya lupango inasema provense ya Katanga, na tangu 2015 Kolwezi iko Lualaba, sasa ile deni inaandikwa upya ao hapana? Mi ni mutu wa Lubumbashi, nikafunga safari karibu kilometa 300. Konservatere wa kule, mukubwa wa biro yenye kuandika balupango, akafungua kitabu kubwa, akatia kidole pale: tarehe, feza, jina ya banki, sawasawa na kopi yetu. Akasema haiandikwe upya, ipoteke inafata lupango, haifate jina ya provense, tena nafasi yake mu mustari wa wenye kudai inahesabiwa tangu siku iliandikwa, ukiandika upya na tarehe ya leo mudai mwenye alikuya nyuma anapita banki. Mwenye alinishauri niandike haraka, bure kabisa!

Sasa kazi njo hii: baba alishalipa yote, lakini bila menleve, karatasi ya banki yenye kukubali ipoteke ifutwe, haifutwe mu kitabu, na banki wananiambia dosie haionekane. Nawangojea, Juma Nne narudia tena.