Klabu za softiboli Marekani zinatunyonya kwa jina la skolashipu

Wakuu, hasa mliopo Texas na majimbo ya jirani, leo natema nyongo. Kama una binti anayecheza softiboli (mchezo wa gongo unaofanana na besiboli) na kuna klabu ya kusafiri, ile ya kulipia inayozunguka kwenye mashindano, inakuimbia wimbo wa "mtoto ataonekana", soma hapa kabla hujatoa kadi ya benki.

Ligi za shule zinachezwa Februari hadi Mei, na muda huohuo makocha wa vyuo wako kwenye mechi zao. Kwa hiyo makocha hao wanatafuta wachezaji kiangazi na vuli, kwenye mashindano ya klabu. Hapo sibishi: binti anayelenga Daraja la Kwanza la NCAA (chama cha michezo ya vyuo vikuu, chenye madaraja matatu) atakwepa klabu kwa shida sana. Wizi unaanzia baada ya hapo.

Klabu kubwa ina jina moja na timu kibao. Jezi ileile, nembo ileile, ila makocha wanafuata timu ya juu tu. Hizi nyingine, ikiwemo ya binti yangu, kazi yake ni kulipa ada. Ukilalamika unaonyeshwa picha za mabinti waliosaini vyuo vikubwa. Wote wa timu ya juu! Na wengine walihamia pale wakiwa tayari wameshaelewana na chuo.

Julai tulikuwa Colorado. Tukapangiwa kiwanja cha mwisho kabisa, karibu na maegesho, jua la utosi. Nyuma ya wavu kaja kocha mmoja tu wa chuo, mama mwenye kiti cha kukunja na daftari. Wazazi wote tukajiweka sawa. Kumbe kamfuata mrushaji wa timu pinzani. Yule mrushaji alipotolewa, mama akakunja kiti, akachukua chupa yake ya maji, huyoo, na mwanangu ndiyo kwanza anashika gongo aingie kupiga. Hawa watu wanakuja na majina mkononi, hawaji kuokota maembe yaliyodondoka.

Hoteli nayo msiniulize. Ni lazima ulale kwenye zile walizochagua wenye mashindano, kwa bei yao. Ukienda kulala kwa shemeji yako mtaa wa pili, timu inatishiwa kuondolewa.

Sasa klabu zimeanza kuwasumbua hata wazazi wa watoto wa miaka 10. Tangu 2018 sheria ya NCAA imenyooka: kocha wa Daraja la Kwanza haruhusiwi kuzungumza na mchezaji habari za kumsajili mpaka Septemba 1 ya darasa la 11. Mtoto wa darasa la 5 unamlipia aonekane na nani? Na bibi yake?

Halafu hiyo "chuo bure". Kwa miaka mingi chuo cha Daraja la Kwanza kilikuwa na skolashipu 12 tu za softiboli, zinakatwakatwa vipande kwa kikosi cha watu 20 na ushee. Daraja la Pili ni 7.2. Daraja la Tatu hawatoi hata senti kwa ajili ya michezo, na Ivy League (vile vyuo vikongwe kama Harvard na Yale) vilevile. Kuanzia 2025/26, baada ya makubaliano ya kesi ya House, ambayo wanamichezo waliishtaki NCAA kudai malipo, vyuo vilivyojiunga na mpango huo vinaweza kumlipia kila mchezaji, ila kikosi kisizidi 25. Na nafasi hizo binti wa miaka 17 anazigombania na dada wa miaka 21 anayehama chuo akiwa na misimu miwili mgongoni. Wewe ungekuwa kocha ungemchukua nani?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba vyuo vya miaka miwili klabu hazivitaji kabisa. Daraja la Kwanza la NJCAA, chama cha michezo cha vyuo hivyo, linaruhusu skolashipu 24 za softiboli kwa chuo kimoja, mara mbili ya zile 12, na Texas vyuo hivyo vipo. Mtoto anacheza, anasoma, kisha anahamia chuo kikuu. Ila picha ya chuo cha wilaya haivutii wateja, basi kimya.

Jana kocha wetu kaniandikia kwamba amana ya msimu ujao inatakiwa kabla ya majaribio ya Agosti, "nafasi zinaisha". Ziishe. Hiyo hela inaenda kwenye kambi za vyuo viwili vitatu ambavyo binti kachagua mwenyewe na alama zake zinaingia, na video yake tunawatumia makocha wenyewe kwa barua pepe.

Mwenye binti aliyesajiliwa akitokea timu ya chini ya klabu kubwa aje aseme hapa: chuo gani, na wamempa kiasi gani. Habari za "kuna mtoto wa jirani" sitaki.