Ni nini kinachokifanya kitu kiwe hai: Upanishadi na jenetiki zinaweza kuulizwa swali moja?

Mwanafunzi wa Chiromo:

Salaam, wanajukwaa. Ninasomea biolojia, mwaka wa pili, na ninaishi Ngara katika jengo ambalo majirani wengi ni Wahindu. Mmoja wao, mzee ninayemheshimu sana, alinitumia ule ujumbe unaozunguka kwenye simu, unaodai kwamba wahenga wa Kihindi waliijua DNA, ile kemikali inayobeba maelekezo ya urithi, maelfu ya miaka kabla ya Watson na Crick, wanasayansi walioeleza umbo lake, eti zile njia mbili za pumzi ziitwazo ida na pingala, zinazosemekana kujisokota kando ya uti wa mgongo, ndizo ile ngazi iliyosokotwa tunayoichora darasani. Sikutaka kumjibu kwa dharau, wala sikutaka kumkubalia kwa adabu tu. Ninachoomba kujua ni hiki: falsafa ya Kihindi na jenetiki ya leo zikiulizwa ni nini kinachokifanya kitu kiwe hai, je, majibu yao yanaweza kupimwa pamoja, au kila moja inazungumzia jambo lake?

Mwalimu wa Pangani:

Kuhusu ida na pingala, mwambie mzee kwa upole kwamba michoro miwili kufanana si ushahidi. Umbo la DNA lilipatikana mwaka 1953 kutokana na picha za eksirei zilizotoka katika maabara ya Rosalind Franklin, pamoja na vipimo vya kikemia vilivyokuwa vimekwisha kuonyesha kwamba, kati ya vijenzi vinne vya DNA vinavyoandikwa kwa herufi A, T, G na C, kiasi cha A hulingana na cha T, na kiasi cha G na cha C. Ukiiondoa kazi hiyo, kinachobaki ni mistari miwili iliyopindana, na mistari ya namna hiyo imechorwa na watu wengi duniani kwa sababu nyingi.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo vitabu vyetu vya shule hulipita mbio, nalo ndilo litakalokusaidia. DNA yenyewe haina uhai. Wanafunzi wangu huitoa kwenye ndizi mbivu kwa kutumia chumvi, sabuni ya maji na spiriti baridi. Baada ya muda nyuzi nyeupe zenye utelezi huelea juu, na ukizungusha kijiti polepole zinajizonga juu yake. Mle ndani mna maelekezo ya mgomba mzima, na hazifanyi lolote. Kwa upande mwingine, chembe nyekundu ya damu ya binadamu ikikomaa huwa imekwisha kukitupa kiini chake pamoja na DNA yake, lakini inaendelea kubeba oksijeni mwilini kwa muda wa siku 120 hivi. Maiti nayo ina DNA. Kwa hiyo anayesema kwamba jenetiki imekwisha kujibu kwamba uhai ni DNA, anaisingizia jenetiki.

Msomaji wa Parklands:

Nimelelewa katika nyumba ya Kihindu na nimesoma maandiko haya kwa miaka, kwa hiyo niruhusuni niseme kwa urefu kidogo.

Kwanza, ndugu mwanafunzi, ukisema "falsafa ya Kihindi" unataja mabaraza ambayo yamekuwa yakibishana tangu kale. Huko India ya zamani walikuwako Charvaka, walioyakataa maandiko matakatifu yenyewe na kusema kwamba vitu vya asili ni vinne tu, yaani ardhi, maji, moto na hewa, na kwamba fahamu huzuka vinapochanganyika kwa namna fulani, jinsi kileo kinavyozuka katika viungo ambavyo kimoja kimoja havilevyi. Kama yupo mhenga anayestahili kukaa karibu na mwanabiolojia wa leo, ni huyo, ila waandishi wa ujumbe huo wa simu hawamtaji kamwe.

Pili, wafuasi wa Samkhya, baraza jingine la kale, wana msimamo ambao huwashangaza watu wengi. Wao hugawa yote yaliyopo sehemu mbili, purusha ambayo ni fahamu tupu isiyotenda neno, na prakriti ambayo ndiyo maumbile. Sasa angalia mpaka umepita wapi: akili inayoamua, ile hali ya kujihisi kuwa "mimi", hata hisi zenyewe, zote ziko upande wa prakriti. Mtu akimwendea msomi wa Samkhya na habari kwamba jeni fulani zinachangia kumbukumbu au hasira, atajibu bila wasiwasi kwamba hayo ni mambo ya maumbile tangu awali. Anachokilinda yeye ni kitu kimoja tu, yule anayeshuhudia, na huyo hajawahi kudaiwa kuwa ni kiungo.

Tatu, na hapa ndipo ningekushauri ukae sana, kuna kisa katika Chandogya Upanishad, mojawapo ya Upanishadi, maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu. Nguvu za mwili ziligombana kuhusu iliyo bora, zikamwendea Prajapati, baba yao, naye akaziambia kwamba bora ni ile ambayo ikiondoka mwili utaonekana umeharibikiwa kuliko zote. Usemi ukaondoka mwaka mzima. Uliporudi ukakuta wenzake wameishi kama wanavyoishi mabubu. Jicho likaondoka, wakaishi kama vipofu. Sikio likaondoka, wakaishi kama viziwi. Akili ikaondoka, wakaishi kama watoto wachanga ambao akili yao haijapevuka. Kisha prana, yaani pumzi ya uhai, ikajiandaa kuondoka, na mara zile nyingine zote zikaanza kung'oka pamoja nayo, kama farasi mwenye nguvu anavyong'oa vigingi alivyofungiwa. Zikaijia na kuisihi ibaki. Kisa hiki hakielezi mwili umeundwa na nini. Kinauliza ni kitu gani ambacho mwili hauwezi kukikosa.

Fundi wa maabara, Kabete:

Ndugu wa Parklands, umeeleza jaribio ambalo limefanywa, tena kwa njia ileile ya kuondoa kimoja kimoja. Mwaka 2010 kikundi cha Craig Venter huko Marekani kilitengeneza kwa kemia jenomu nzima, yaani DNA yote, ya bakteria aitwaye Mycoplasma mycoides, yenye herufi zaidi ya milioni moja. (Wafugaji wetu wanamjua ndugu yake, ndiye anayewaletea ng'ombe homa ya mapafu.) Kisha wakaanza kuzivuruga jeni zake moja baada ya nyingine na kutazama: seli ikiendelea kuishi, jeni hiyo si ya lazima, ikifa, inarudishwa katika orodha. Mwaka 2016 walibaki na seli yenye jeni 473, iliyoweza kujilisha na kugawanyika katika maabara.

Njia ni ile ya Prajapati, lakini matokeo yanapishana kabisa. Katika Upanishadi mshindi ni mmoja. Katika seli hii waliobaki ni mamia, na hakuna hata mmoja unayeweza kumnyooshea kidole ukasema huyu ndiye uhai. Jeni 149 kati ya hizo 473 hazikuwa zinajulikana zinafanya kazi gani wakati huo. Ilijulikana tu kwamba bila hizo seli hufa au hudumaa. Vilevile ilionekana kwamba ziko jeni mbili ambazo ukiondoa yoyote kati yao seli haijali, ila ukiziondoa zote mbili inakufa, kwa kuwa kila moja ilikuwa ikifunika pengo la mwenzake. Kisa cha Chandogya hakina nafasi ya jambo hilo, kwa sababu kila nguvu iliondoka peke yake, na ilirudi kabla ya nyingine kutoka. Laiti jicho na sikio vingeondoka pamoja!

Niongeze tahadhari moja. Jenomu ile ya 2010 haikufufuka yenyewe. Iliwekwa ndani ya seli hai ya bakteria mwingine, Mycoplasma capricolum, iliyokuwa na utando wake na mitambo yake ya kutengeneza protini. Hadi hapo hakuna aliyeanzisha uhai kwa kuandika herufi peke yake, jambo linalorudi kwenye nyuzi za ndizi za Mwalimu.

Mwanafunzi wa Chiromo:

Nawashukuru. Kisa cha prana nitamweleza mzee, bila shaka anakijua kuliko mimi. Limebaki moja: urithi. Jenetiki husema mtoto hupokea kutoka kwa wazazi. Karma, yaani fundisho la malipo ya matendo, husema hupokea kutoka kwa maisha yake mwenyewe yaliyopita. Hapo zinaweza kuelewana?

Msomaji wa Parklands:

Kwa maneno matupu, hapana. Ila matabibu wa kale walilazimika kuyakabili mambo yote mawili. Charaka Samhita, kitabu cha tiba ya Ayurveda, huuliza kwa nini watoto wa vipofu si lazima wawe vipofu, na hujibu kwamba kiungo huharibika pale tu sehemu ya mbegu inayokizalisha inapokuwa na dosari. Kitabu hichohicho, kikitaja visababishi vya maumbile yenye kasoro, kinaweka pamoja mbegu, matendo ya nafsi, tumbo la uzazi, majira, na chakula na mwenendo wa mama. Karma imo, lakini ni mmoja kati ya washitakiwa kadhaa.

Muuguzi wa kliniki ya watoto:

Niseme kutoka mahali ninapofanya kazi, kwa sababu orodha hiyo ina mshitakiwa ambaye mimi humkuta kila mara, naye ni mama. Selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, hutokana na herufi moja ya DNA iliyobadilika, A ikawa T, katika jeni ya himoglobini. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji, yaani kila mmoja ana nakala moja tu yenye badiliko hilo, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kupata mtoto mgonjwa, na mimba ya pili haikumbuki lililotokea katika ya kwanza. Mama huja akiuliza alikosa nini, na swali hilo nimelisikia kwa Wakristo, kwa Waislamu na kwa Wahindu. Tena badiliko hilohilo, mtu akirithi nakala moja tu, humkinga dhidi ya malaria kali, jambo ambalo Anthony Allison, aliyekulia hapahapa Kenya, alilionyesha mwaka 1954. Sioni namna ya kuligawa jambo hilo kati ya thawabu na adhabu. Nikiulizwa huchora mraba wenye vyumba vinne, nikaandika herufi za baba juu na za mama ubavuni, kisha tukavijaza pamoja.

Msomaji wa Parklands:

Dada, Mvedanta, yaani mfuasi wa falsafa inayojengwa juu ya Upanishadi, angekuambia kwamba mraba wako unaeleza vyumba vinne, ila hauelezi kwa nini mtoto huyu ameangukia hiki.

Muuguzi wa kliniki ya watoto:

Najua, na jibu langu ni kwamba hakuna "kwa nini" ya hivyo. Kromosomu zinapogawanywa hazijui zinakwenda kwa nani. Hapo mimi na wewe hatutakubaliana, kaka, na mama aliye mbele yangu ninampa mraba.